Kwa Nini Billy Hakuikataa Chai

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari huku Mbale, Uganda. Wiki mbili zilizopita niliwasimulia wanafunzi wa kidato cha tatu hadithi fupi ya mwandishi wa Uingereza Roald Dahl iitwayo The Landlady, yaani mama mwenye nyumba ya kupangisha, nikiitafsiri papo kwa papo. Nilipofika mwisho darasa likagawanyika. Nusu walicheka, nusu wakalalamika kwamba nimewaachia njiani. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani yule mama ni jini?" Mwingine akasema si adabu kumcheka mtu anayekaribia kufa. Kusema kweli hata mimi nilicheka, na sijui kwa nini. Hadithi haina damu wala maiti inayoonekana. Uzuri wake uko wapi, na nitawaelezaje vijana hawa?

Jibu: Mwalimu, hongera kwanza kwa kuthubutu kuisimulia hadithi hii kwa mdomo. Ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu nusu yake imo katika mambo ambayo hakuna anayeyatamka.

Kwa msomaji ambaye hajaikuta, nitaipitia mbio mbio. Billy Weaver, kijana wa miaka 17, ametumwa na ofisi yake ya London akaanze kazi katika mji wa Bath. Anashuka kwenye treni saa tatu usiku, upepo unamkata mashavu. Mpagazi wa stesheni anamwelekeza kwenye The Bell and Dragon, baa yenye vyumba. Kabla hajafika, anaona dirishani tangazo la malazi na kifungua kinywa. Ndani moto unawaka, mbwa mdogo amejikunja mbele yake, na kasuku yumo tunduni. Anabonyeza kengele, na kabla hajaondoa kidole mlango unafunguka. Mama wa makamo, mpole, anamkaribisha kwa bei isiyofika hata nusu ya aliyokuwa tayari kulipa. Kitabu cha wageni kina majina mawili tu, na la karibuni zaidi limeandikwa miaka miwili na ushei iliyopita. Billy anahisi ameyaona majina hayo mahali, pengine gazetini. Mama analeta chai. Kumbe kasuku alikufa zamani, ngozi yake ikajazwa ili aonekane hai, akarudishwa tunduni. Mbwa naye vivyo hivyo. Chai ina ladha kidogo ya lozi chungu. Kijana anauliza kama kweli hapakuwa na wageni wengine miaka yote hiyo. Mama anainamisha kichwa kidogo, anatabasamu, anamjibu kwamba hapana, ni yeye tu. Imekwisha hapo.

Mimi nimeifundisha mara nyingi, na kila nikiirudia naona kwamba anayemponza Billy ni Billy mwenyewe, kwa adabu zake. Tangu mlangoni hadi kikombe anaona mambo yasiyo sawa. Ukumbini hakuna kofia wala koti la mgeni mwingine. Mama anamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha anapanda naye tena hadi juu, kama mtu anayepima kitambaa. Kitanda kimeshatandikwa, shuka limekunjuliwa tayari, na chupa ya maji ya moto imo ndani, kana kwamba alijua kijana atafika usiku huo. Harufu ya mama huyo haieleweki. Inamkumbusha Billy vitu kama ngozi mpya, au korido za hospitali. Kila mara anapopata sababu ya kuondoka anajipa sababu ya kubaki: bei ni nafuu, mama ni mwema, huenda alifiwa na mwana vitani na hajapoa. Anakiri moyoni kwamba mama amepungukiwa kidogo akilini, lakini kwa bei ile nani atajali?

Hebu waulize wanafunzi wako ni nani kati yao angeikataa ile chai. Kwetu hapa, ukifika kwa mtu ukaletewa chai, huulizi imepikwaje. Hata kama umetoka mezani sasa hivi, unaonja, unashukuru, ndipo unaweka kikombe chini. Kumkatalia mama wa makamo chai aliyoileta kwa mikono yake ni kumvua nguo mbele za watu. Kwa hiyo hofu ya hadithi hii tunayo majumbani mwetu, na mwanafunzi wa Mbale anaiingia bila kuelezwa habari za Uingereza.

Mimi mwenyewe niliingia. Mwaka fulani nilifika Fort Portal usiku kwa basi lililokuwa limechelewa, mvua inanyesha, nikaingia kwenye gesti ya kwanza yenye taa. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua, akanipa taulo kabla hata sijasema nataka chumba. Akaniletea kitabu: jina, ulikotoka, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Jina lililonitangulia lilikuwa la siku kumi na tisa nyuma. Nikamtazama. Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akakaa pembeni akingoja ninywe. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemaliza kuifundisha The Landlady! Unadhani niliikataa? Niliinywa yote, nikaomba na ya pili, kwa sababu aliniuliza, "Nikuongeze, mwanangu?" na sikupata jibu la heshima la kusema hapana. Nililala vizuri sana. Asubuhi aliniandalia katogo, ile ndizi ya kupikwa na mchuzi, na akakataa nilipie.

Sasa swali la wale waliolalamika. Billy anakufa? Ndiyo, na mwandishi ameshakupa ushahidi wote, ila hakutoa hukumu. Tatizo ni kwamba ushahidi mmoja unapotea huku kwetu: lozi chungu. Lozi zenyewe mtoto wa Mbale amezionea wapi? Kwa wasomaji wa Uingereza wa wakati ule, waliolelewa na hadithi za upelelezi, ladha hiyo ilikuwa na maana moja tu, sumu ya sianidi. Usiwape wanafunzi somo la kemia. Wape muhogo mchungu. Kila mtoto aliyekulia kijijini anajua kwamba kuna muhogo wa kutafuna mbichi na kuna ule ambao ni lazima uloweke, uanike, ndipo usage. Wazee hawakusema "sianidi", lakini ndiyo waliyokuwa wakiiondoa. Septemba 2017 kule Kasese watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa unga wa muhogo, na uchunguzi ukaelekeza kwenye sumu hiyo hiyo. Ukitaja muhogo, darasa litanyamaza lenyewe.

Mambo mengine yote yapo wazi. Mama amesema kwamba wale vijana wawili hawakuondoka kamwe, wapo ghorofa ya tatu, wote wawili pamoja. Amesema kwamba huwajaza vipenzi vyake mwenyewe wanapofariki. Amesema mmoja wao hakuwa na doa hata moja mwilini, ngozi yake kama ya mtoto mchanga. Unganisha.

Na hapa ndipo kicheko kilipo, Mwalimu. Angalia jinsi mama huyu asivyoficha kitu. Zimwi wa hadithi zetu hujigeuza kijana mtanashati akaja kuposa, na hila yake ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho. Huyu anasema kweli tupu kwa sauti ya upole, na ukweli wenyewe ndio unaomficha. Anamwambia Billy lazima aandike jina kitabuni kwa sababu ndiyo sheria ya nchi, na katika hatua hii ya mambo hatutaki kuvunja sheria. Hatua ipi? Anapoona bei inaweza kumshinda kijana, yuko tayari kupunguza kidogo, mradi asiletewe yai asubuhi, maana mayai siku hizi ni ghali. Mtu anapanga kuua, na bado anahesabu bei ya yai! Mimi hapo hucheka kila mara, na sijawahi kuona aibu.

Bei yenyewe, kwa njia, ni shilingi tano na nusu kwa usiku mmoja. Wakati hadithi inatoka, shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na shilingi ya Uingereza, kwa hiyo babu zao wangeielewa bei hiyo bila kubadilisha fedha. Leo shilingi tano na nusu hainunui hata pipi, na darasa litacheka kwa sababu isiyohusika. Waeleze mapema.

Kuna kipande kimoja ambacho ningekuomba ukisome polepole, hata mara mbili, kwa sauti mbili tofauti. Billy ameshika kikombe, anajaribu kukumbuka jina la Mulholland, mmoja wa wale wawili wa kitabuni, amelionea wapi. Linamjia. Si ndiye yule mwanafunzi wa shule ya Eton aliyekuwa akisafiri kwa miguu huko magharibi ya nchi, halafu ghafla... "Maziwa?" mama anauliza. "Na sukari?" Ndiyo, tafadhali, anajibu kijana, halafu ghafla... Mama anamkatiza tena: Mulholland wake hakuwa wa Eton, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge. Ile sentensi haimaliziki kamwe. Lililotokea "ghafla" limezibwa na kijiko cha sukari. Kumbukumbu ilikuwa imeshafika mlangoni kumwokoa, na kijana akaiacha nje ili amjibu mwenyeji kwa adabu. Wapo wasomaji wanaosema kwamba hapo kwenye Eton na Cambridge mama ameongopa, mara moja tu katika hadithi nzima. Huenda. Mimi napenda zaidi kudhani kwamba hata hapo amesema kweli na gazeti ndilo lililokosea.

Kipande cha pili ni mbwa. Billy ananyoosha mkono, anamgusa mgongoni. Ni mgumu na wa baridi. Anayapeleka manyoya pembeni kwa vidole, anaona ngozi kavu, ya kijivu kuelekea nyeusi, imehifadhiwa vizuri kabisa. Msomaji hapo anataka kupiga kelele: kimbia! Kijana anafanya nini? Anamtazama mama kwa heshima kubwa na kumsifu, kwamba kazi kama hii lazima iwe ngumu sana. Anausifu ufundi ambao usiku huo huo utafanyiwa kazi juu ya mwili wake. Na mama, kwa unyenyekevu wa fundi, anajibu kwamba si ngumu hata kidogo, kisha anamuuliza kama ataongezwa chai.

Yule mwanafunzi aliyesema si adabu kucheka, usimkemee. Amegusa kitu. Lakini mwonyeshe tunachokicheka. Hatucheki kifo cha Billy. Tunacheka kwa sababu sisi tumeshajua na yeye hajajua, na kwa sababu maneno yale yale yanabeba mizigo miwili, mmoja kwa kijana na mmoja kwetu. Kicheko na baridi ya mgongoni vinatoka kisima kimoja. Ukikiondoa kicheko, kwa mfano ukimsoma mama kwa sauti ya kichawi, hofu nayo inakufa. Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja akiisoma hivyo, ananguruma kama fisi, na wanafunzi walipiga miayo.

Kwa hiyo tafsiri yako ndiyo silaha yako, na Kiswahili kimekupa bahati. Mama anasema huwajaza "pets" zake. Ukiandika "wanyama wa kufugwa" umeua mzaha. Andika "vipenzi vyangu". Neno hilo linamchukua mbwa, linamchukua kasuku, linamchukua na kijana wa miaka 17 bila kubadilika hata herufi. Nadiriki kusema hapo tumelipita la Kiingereza. Na lile neno la mapenzi analomwita Billy katika jibu la mwisho, usilifanye "mpenzi", litaleta harufu ya mambo mengine na vijana watazomea. Sema "mwanangu". "Hapana, mwanangu. Ni wewe tu." Sauti ya mama wa rafiki yako anayekupokea likizo, ambayo ndiyo picha aliyoipata Billy alipomwona mlangoni.

Kuhusu majina: kuna mahali anamwita Billy kwa jina la Wilkins, na kijana anamsahihisha. Usilipite upesi. Baadaye mama anaeleza kwamba anataka majina yaandikwe ili akisahau ashuke kuangalia kitabuni, na kwamba hadi leo hufanya hivyo karibu kila siku kwa wale wawili. Fikiria mtu anayepanda ghorofa ya tatu kuwasabahi wageni wake, akakwama kwenye jina, akashuka ngazi kusoma. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wageni wake wamemaliza miaka na hajawapa hata ufagio.

Swali la jini lina jibu la kuvutia, na mwanafunzi huyo anastahili sifa. Mwaka 1983 Dahl alitoa mkusanyiko wa hadithi za mizimu alizozichagua, na katika utangulizi alisimulia kwamba The Landlady yenyewe ilianza kama jaribio lake la kuandika hadithi ya mzimu. Alipoimaliza aliona haijafaulu, akabadili mwisho, ikawa hadithi isiyo na mzimu. Nadhani mabaki ya ule mzimu bado yapo. Angalia pale Billy anaposimama mbele ya dirisha akiwa ameshaamua kwenda zake, na maneno ya tangazo yanamkodolea kama macho meusi, yanamshika, yanamvuta hadi mlangoni. Nguvu ile haielezwi tena mbele. Katika mama huyu wa sasa, aliye binadamu mwenye sumu na sindano ya kushonea, hakuna uchawi wa kuvuta watu barabarani. Mimi nahisi ni kovu la hadithi ya awali, ingawa ni kovu zuri.

Wanafunzi wako watapenda kujua pia kwamba mwandishi huyu hakuwa mgeni wa lugha yetu. Alizaliwa mwaka 1916 Llandaff, Cardiff, kwa wazazi wa Norwei. Akaingia kampuni ya mafuta ya Shell mwaka 1934 moja kwa moja kutoka shule, akiwa kijana wa ofisini London kama Billy, na mwaka 1938 akatumwa Dar es Salaam, ambako alijifunza Kiswahili. Vita vilipozuka alikwenda Nairobi mwaka 1939 kujiunga na jeshi la anga. Kwa hiyo mtu aliyeandika kikombe kile cha chai angeweza kukiagiza kwa Kiswahili. Hadithi yenyewe ilitoka katika jarida la The New Yorker mwezi Novemba 1959, ikaingia kitabuni mwaka 1960 katika Kiss Kiss, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya Edgar ya hadithi fupi. Na utazame anwani ya yule Mulholland kitabuni: Cathedral Road, Cardiff. Mwandishi amemtoa marehemu wake wa kwanza kwenye mji wake wa kuzaliwa. Sijui kwa nini jambo hilo dogo hunichekesha.

Ukiona darasa limeipenda, wasomee siku nyingine ile ya mwaka 1953, Lamb to the Slaughter, ambamo mke anamuua mumewe kwa paja la kondoo lililoganda, kisha analioka na kuwakirimu polisi wanaolitafuta. Utaona mwandishi yule yule, jiko lile lile, ukarimu ule ule.

Kwa kipindi chako kijacho ningefanya hivi. Usiwaeleze chochote kabla ya kusoma. Soma hadi pale Billy anapotoa jibu kuhusu chai ya kuongezwa, kwamba hapana, ahsante, kisha funga kitabu na uwaache waandike kwa dakika tano wanachodhani kijana amekijua na asichokijua. Wengi watagundua kwamba wanajua zaidi yake, na hawatakumbuka ni lini walijua. Ndipo umalizie mistari ya mwisho kwa sauti ya mama yako mzazi, taratibu, bila kutisha.

Na wale waliolalamika kwamba hakuna mwisho, wape kazi ya nyumbani. Miaka miwili imepita. Usiku wa baridi, kengele imelia, mlango umefunguka kabla kidole hakijaondoka. Kitabu cha wageni sasa kina majina matatu. Waandike ukurasa mmoja wa mgeni wa nne, na ndani yake pasitokee neno "kufa".